Wasio na Kaburi Ila Bahari

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu wasomaji, mwezi wa Agosti tulijaaliwa safari ya Uingereza. Mpwa wetu alikuwa akioa mjini London, na wazee wa ukoo wakaona haifai nikaha kufungwa ughaibuni pasi na mtu mzima wa kusimama. Tulikwenda, arusi ikafungwa kwa salama, na baada yake tukasaliwa na siku sita kabla ya ndege ya kurudi. Siku hizo tungeweza kuzimaliza madukani, kama wafanyavyo wageni wengi. Lakini tulikuwa tumebeba jambo kutoka nyumbani, nalo ndilo lililotufikisha katika mji mmoja wa wavuvi uitwao Lowestoft.

Jambo lenyewe ni hili. Mwishoni mwa mwezi wa Mei, kusi ilipokwisha kushika, mashua moja ya uvuvi iliondoka diko moja la pwani yetu isirudi. Siku ya tatu bahari ilirudisha ubao na dumu la maji, basi. Mwenye mashua alisimama mbele ya watu akataja majina matano ya waliopanda. Mmoja katika hao watano alikuwa amesimama palepale akimsikiliza, mzima wa afya, maana siku ile alikuwa amelala kwa homa. Nani basi aliyepanda mahali pake? Hapo maneno yakawa mengi. Wengine walisema ni bwana fulani wa kijijini, mume wa mtu na baba wa watoto watatu. Wengine walisema la, bwana huyo alikuwa akinena siku nyingi kwamba atakwenda Tanga kutafuta kazi, na huenda alikwenda. Aliyepanda ni kijana mmoja Mpemba aliyekuja kwa dago. Na wako waliosema wote wawili walipanda, na watu walikuwa sita wala si watano.

Mke wa bwana huyo alikuja kwetu baada ya sala ya Alasiri, akaketi barazani na mtoto mdogo mapajani, akauliza: "Maalim, mimi ni mke au ni mjane? Nikae eda au ningoje?"

Tulimjibu asubiri na azidishe dua. Jawabu lilikuwa na asili yake vitabuni. Lakini twakiri mbele yenu kwamba hatukuinuka kwenda diko kuuliza shahidi hata mmoja. Tulimpa subira kwa kuwa subira ndiyo iliyokuwa karibu na mkono wetu. Miezi miwili baadaye tukapanda ndege, na swali lake tukapanda nalo.

Kwenye karamu ya arusi tuliketi karibu na mgeni mmoja aliyekulia pwani ya mashariki ya Uingereza. Tulipomhadithia habari ya mashua yetu, alituambia kwamba kwao wako watu, wengi wao wazee waliostaafu, wanaotumia siku zao kutafuta yaliyozipata meli za uvuvi na mabaharia wake waliopotea katika Vita vya Kwanza na vya Pili vya Dunia. Miaka zaidi ya mia imepita, na bado wanatafuta jina la mtu mmoja mmoja. Tuliona ajabu, tukaomba tupelekwe.

Tulipanda treni asubuhi katika stesheni ya Liverpool Street, tukashuka Norwich, tukapanda nyingine ndogo iliyopita katika nchi tambarare ya majani na mito, mpaka reli ilipokomea karibu na bahari. Lowestoft ndio mji ulio mashariki kabisa ya Uingereza. Iko ncha moja ya nchi kavu hapo, yaitwa Ness Point, na mtu akisimama juu yake hakuna Mwingereza mwingine nchini mwake aliye mashariki kuliko yeye. Tulilala mjini, na alfajiri, baada ya sala, tulikwenda hapo kutazama jua likichomoza baharini. Kwa mtu wa Lamu au Malindi hilo si geni. Lililokuwa geni ni rangi ya bahari yenyewe, ya kijivu iliyochanganyika na tope, na upepo wake uliokata mashavu ijapokuwa walisema ni kiangazi.

Zamani mji huu uliishi kwa samaki. Bandarini imefungwa gati meli moja iitwayo Mincarlo, iliyoundwa mwaka 1961, ambayo leo ni ya makumbusho. Ni meli ya kukokota wavu, jamii ya zile ambazo wavuvi wetu huziita trola na walizozoea kuziona zikivua kamba katika Ghuba ya Ungwana. Wavu wake ni mfano wa mfuko mkubwa unaoburutwa chini kabisa ya bahari. Kabla ya injini, kazi hiyo ilifanywa kwa tanga. Mojawapo ya mashua hizo za tanga, Excelsior, iliundwa mjini humo mwaka 1921 na ingali hai mpaka leo. Mtu wetu akiiona picha yake, na tanga lake la rangi ya hudhurungi, hatakosa kukumbuka jahazi.

Huenda msomaji akauliza, wavuvi wana nini na vita? Katika vita vya 1914 hadi 1918 Bahari ya Kaskazini ilijazwa mabomu ya majini, na serikali ya Uingereza iliona kwamba hakuna mtu ajuaye kuburuta kamba chini ya maji kuliko mvuvi. Mamia ya meli za uvuvi zikachukuliwa pamoja na watu wake ili kuyafagia mabomu hayo. Nao waliobaki katika uvuvi hawakusalimika. Mwezi wa kwanza tu wa vita, Agosti 1914, meli za Wajerumani zilizamisha meli kadhaa za uvuvi za bandari ya Boston na Grimsby, na mabaharia wake wakachukuliwa mateka hadi Ujerumani. Wake zao hawakujua kama wana waume au hawana. Baadaye zikaja nyambizi. Mara nyingi nyambizi iliibuka kando ya mashua, ikawaamuru wavuvi waingie katika kidau chao, kisha ikaipasua mashua kwa bomu. Kwa hesabu rasmi iliyotolewa baada ya vita, vyombo vya uvuvi vya Uingereza 675 viliangamizwa na adui, na watu 434 wakafa navyo. Hiyo ni mbali na wale waliokufa wakifagia mabomu chini ya bendera ya jeshi.

Kisa kimoja cha Lowestoft kilitushika zaidi kuliko vingine. Tarehe 15 Agosti 1917 mashua mbili za tanga zilikuwa zikivua pamoja, Nelson na Ethel & Millie. Kila moja ilikuwa imepewa mzinga mdogo wa kujikingia. Alasiri nyambizi ya Kijerumani, UC-63, iliibuka na kuanza kupiga kutoka mbali ambako mzinga wa Nelson haukufika. Kombora moja lilimkata miguu nahodha wa Nelson, Thomas Crisp, na mwanawe mwenyewe alikuwamo chomboni. Nahodha akiwa katika hali hiyo, njiwa wa barua waliachiliwa na ujumbe kwamba Nelson yashambuliwa na nahodha ameuawa, ije msaada. Akawaambia watu wake wamtupe baharini ili asiwacheleweshe. Hawakukubali. Akafia mikononi mwa mwanawe, na mashua ikazama naye. Waliosalia walielea katika kidau karibu siku mbili mpaka wakaokolewa, kwa kuwa njiwa mmoja alifika Lowestoft na habari. Nahodha Crisp alitunukiwa nishani ya Victoria Cross, iliyo kubwa kuliko zote kwao.

Hayo ya Nelson yajulikana kwa sababu walipona wa kuyasimulia. Lakini Ethel & Millie? Nahodha wake, Charles Manning, aliielekea nyambizi badala ya kukimbia. Mashua yake ilipigwa ikaanza kuzama, na watu wake saba wakapandishwa juu ya nyambizi. Wenzao wa Nelson, kutoka ndani ya kidau chao, waliwaona wamesimama safu moja juu ya sitaha, na afisa wa Kijerumani akiwasemesha. Huo ukawa mwisho wa habari. Hawakuonekana tena, si katika kambi za mateka wala pwani yoyote. Tarehe 1 Novemba mwaka uleule, nyambizi ya Kiingereza iliizamisha UC-63, akapona mtu mmoja tu. Haikupita hata miezi mitatu, mashahidi nao wakamezwa na bahari.

Tulikisikia kisa hiki kutoka kwa mzee mmoja wa makamo ya miaka themanini, katika bustani ya Sparrow's Nest, ambamo mna makumbusho ya mambo ya bahari. Bustani hiyo ilikuwa ya starehe na michezo ya kuigiza. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 jeshi la wanamaji liliichukua ikawa makao ya wavuvi waliotiwa jeshini kufagia mabomu na kulinda misafara. Mzee huyo aliwahi kuvua, na sasa kazi yake ni kuwatafutia watu habari za babu zao. Kwanza alitutazama sana, kwa kanzu na kofia yetu. Tulipomwambia kwamba sisi pia ni watu wa pwani, akavuta kiti.

Alitueleza njia ya utafiti wao, nasi twaieleza hapa kwa kuwa ina mafunzo. Huanza na jina la chombo, lakini jina halitoshi, maana vyombo vingi vilishirikiana jina moja. Hutafuta herufi na namba: LT ni Lowestoft, GY ni Grimsby, H ni Hull. Kisha hutafuta orodha ya mabaharia, karatasi ambayo sheria ilimlazimu mwenye chombo kuiandika: jina la kila mtu, umri wake, mahali alipozaliwa, anwani ya nyumbani, chombo alichotoka, siku aliyoingia na sababu ya kuondoka. Orodha hizo zimetawanyika. Nyingine ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Kew, London. Nyingi sana zilipelekwa ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, zikahifadhiwa katika chuo kikuu kimoja cha Newfoundland, Canada. Za mwaka 1915 zote zilizosalia zilinakiliwa na watu wa kujitolea, herufi kwa herufi, yapata majina 750,000, ili mjukuu aweze kumtafuta babu yake akiwa nyumbani kwake. Kisha husoma magazeti ya siku zile, na shajara za manahodha wa nyambizi za Kijerumani zilizotekwa mwaka 1945, na mawe ya makaburi ya Uholanzi na Norwei, ambako bahari iliwatupa baadhi ya maiti.

Mwisho hulinganisha. Tulipomwona akiikataa habari moja iliyoandikwa vizuri kabisa kitabuni, kwa sababu tu mwenye kuisimulia hakuwako siku ile wala hakutaja aliyemwambia, tuliwakumbuka wanazuoni wetu wa hadithi na jinsi walivyopima mapokezi. Tulimwambia hivyo. Akacheka, akasema basi hata ninyi mwaijua kazi hii.

Kisha akatuuliza, kwa nia njema kabisa: "Na hiyo mashua yenu iliyopotea, namba yake ni ngapi? Mabaharia wake waitwa nani?"

Hatukuwa na jawabu. Mtu huyu aliweza kututajia umri wa kijana wa jikoni aliyezama mwaka 1915, na mtaa aliokaa mama yake. Sisi, miezi mitatu tu baada ya msiba, hatukujua kama waliozama ni watano au sita. Yule kijana Mpemba hatukujua hata jina alilopewa na babake. Kila mtu alimwita Mpemba.

Alasiri tulipanda hadi bustani ya Belle Vue iliyo juu ya kilima hapo jirani. Pana nguzo ndefu yenye sanamu ya jahazi la shaba kileleni, na chini yake mabamba yameizunguka, yameandikwa majina 2,385 ya watu wa kikosi kile cha wavuvi waliokufa katika vita vya pili na ambao hawana kaburi ila bahari. London kwenyewe, katika kilima cha Tower Hill, tulikwisha kuona kumbukumbu kama hiyo ya mabaharia wa meli za biashara na za uvuvi, wa vita vyote viwili, majina yapata 36,000. Wameandikwa chini ya majina ya vyombo vyao, kila chombo na watu wake, kama walivyosafiri.

Hukumu ya watu hao iko kwa Mola wao, wala si kazi yetu kuisemea. Wala hatusemi kwamba Waingereza walikuwa waadilifu kwa kila mtu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vya kwanza, na huenda idadi ikafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni watu wa Afrika, na kati yao wamo wapagazi wa Afrika Mashariki. Ukilitazama sanamu la Askari mjini Mombasa utaona umbo la mtu, lakini jina hulioni. Wapagazi wale walikuwa na mama zao kama alivyokuwa nao kijana wa Lowestoft.

Vita vya pili vilikuwa na afadhali kidogo. Mwezi wa Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo, na tarehe 12 mwezi huo nyambizi ya Kijapani iliipiga, ikazama kwa muda wa dakika chache tu na kuua watu wapatao 1,300. Zaidi ya 600 kati yao walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Hao wameandikwa majina yao katika makaburi ya vita yaliyo Nairobi. Mwenye babu aliyepotea katika meli hiyo ana mahali pa kwenda kuweka kidole chake juu ya jina.

Sasa turudi kwenye sharia, maana pengine msomaji atasema haya ni mambo ya ukumbusho tu, na sisi Waislamu hatujengi minara kwa ajili ya wafu. Kweli. Lakini kwetu jina la aliyepotea ni zaidi ya ukumbusho, ni haki za watu. Mtu aliyepotea bila kujulikana yu hai au amekufa, wanazuoni wamemwita mafqudi, na vitabu vya fiqhi vina mlango wake. Mali yake hairithiwi mpaka ithibiti kwamba amekufa, au Kadhi ahukumu hivyo baada ya kupita muda ambao mtu wa umri wake hatazamiwi kuishi. Akifa baba yake kabla ya hapo, fungu la mafqudi lazuiliwa, na mafungu ya wengine hutikisika nalo. Ama mkewe, imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, alihukumu angoje miaka minne, kisha akae eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi. Imam Malik aliishika hukumu hiyo, nayo ndiyo kauli ya zamani ya Imam Shafi. Kauli yake mpya ni nzito zaidi: asiolewe mpaka iwe yakini. Hata sheria ya nchi yetu humdhania mtu kuwa amekufa baada ya miaka saba pasi na habari zake.

Tazameni basi ilivyo baina ya hali hizo mbili. Ikithibiti kwa mashahidi kwamba mtu alipanda chombo fulani siku fulani, na chombo kikaangamia, Kadhi ana la kushika. Isipothibiti hata kupanda kwake, mwanamke atakaa miaka, wala si mke wala si mjane, na watoto wake hawana baba wala hawana urithi. Na lililo baina ya hali hizo ni karatasi moja na kalamu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu ni aya ya deni, nayo yaamrisha kuandika na kushuhudisha, deni liwe dogo au kubwa. Ikiwa deni la pesa laandikwa, je, roho za watu sita?

Tulirudi nyumbani Jumamosi. Jumatatu alfajiri tulikuwa diko.

Tulikaa hapo siku nne, tukauliza kama alivyotufundisha yule mzee: ulimwona kwa macho yako, au uliambiwa? Na aliyekuambia ni nani? Wengi waliokuwa wakisema kwa nguvu waliishia kusema waliambiwa. Bwana aliyekuwa na homa alisema kwamba usiku ule alimtuma mtu akamwambie jirani yake ashike nafasi yake. Lakini kama jirani alikwenda au hakwenda, hakuona. Siku ya tatu tuliketi kwa mama mmoja auzaye chai na mahamri kando ya diko. Yeye hufungua kabla ya alfajiri, wala hakuwahi kuulizwa, kwa kuwa hakuna aliyedhani muuza mahamri ana ushahidi. Tulipomweleza haja yetu, aliinuka bila neno, akaleta daftari lake la madeni.

Ndugu zetu, hilo ndilo lililokuwa orodha ya mabaharia. Tarehe ya siku ile imeandikwa kwa mkono wake, na chini yake majina ya watu waliochukua chai na mahamri kwa mkopo, walipe wakirudi na samaki. La mume wa yule mama limo. La mwisho limeandikwa "Mpemba, mahamri manne". Mama alisema aliwaona wakishuka majini mmoja mmoja, akawahesabu ili ajue vikombe vyake. Walikuwa sita. Deni hilo, alisema, alikwisha kulisamehe siku ile ubao uliporudi.

Tuliliomba daftari, tukafuatana na mama huyo, na bwana aliyekuwa na homa, na mke wa aliyepotea, mpaka kwa Kadhi. Ushahidi umechukuliwa. Hukumu ni yake, nasi hatutaitangulia. Tulipokuwa tukitoka nje, yule mke alisema maneno machache tu: "Sasa najua alipanda. Nilikuwa nikimkasirikia, nikidhani ametuacha."

Maneno hayo yametulemea. Miezi yote ile tulidhani anangoja jawabu la fiqhi, kumbe alikuwa akimdhania mumewe ubaya, na sisi tulikuwa na uwezo wa kumwondolea dhana hiyo kwa mwendo wa nusu saa hadi diko. Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe, na tumekwisha kumwomba yeye msamaha.

Ama kijana Mpemba, wenzake wa dago walirudi kwao mara tu baada ya msiba. Kwa simu nyingi, na kwa msaada wa imamu mmoja wa huko, tumelipata jina lake kamili na kijiji chao. Mama yake yu hai. Alikuwa akidhani mwanawe amekaa Kenya, amesahau nyumbani. Habari amefikishiwa na mtu mzima wa kwao, uso kwa uso, si kwa simu. Jina hatuliandiki hapa, ni la mama yake na watu wake. Lakini limeandikwa mahali panapostahili.

Na mahali hapo ndipo tunapotaka kuwafikisha. Kuanzia mwezi uliopita, kwa makubaliano na wazee wa kamati ya ufuo, ile ijulikanayo kama BMU, liko daftari katika banda la mama wa mahamri. Kila chombo kinachoondoka huandikwa: jina na namba yake, nahodha, na kila anayepanda, jina lake na la baba yake, kijiji, na simu ya mtu wa nyumbani. Anayepanda dakika ya mwisho ndiye wa kuandikwa kwanza, kwa kuwa ndiye asahaulikaye. Wenye vyombo wawili walinung'unika kwamba ni kuleta mkosi. Tuliwajibu kwamba kuandika hakuzamishi chombo, na kusoandika hakukiokoi.

Twawaomba maimamu na wazee wa kila diko, kuanzia Vanga mpaka Kiunga, walifikirie jambo hili kabla kaskazi haijageuka. Halihitaji mfadhili wala ofisi. Daftari la shule latosha, na mtu mmoja anayeamka mapema. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba afaye maji ni katika mashahidi. Basi isiwe shahidi wetu aandikwa mbinguni kwa jina lake, na sisi ardhini hatujui tumwiteje tunapomsalia sala ya ghaibu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliozama katika bahari yetu, awape subira watu wao, na awarudishe salama walio majini usiku huu. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.